Mwaka wa Kusogeza R

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kufuta herufi mbili na kusogeza ya tatu. Nilikuwa na miaka 18, nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani kwetu Pasua hayakuzungumzwa mbele ya wageni. Mjomba wangu, gadi wa treni za mizigo, ndiye aliyeniletea habari kwamba stesheni ya Moshi wanatafutwa vibarua wawili wenye mkono mtulivu. Mkono wangu ulikuwa haujapimwa na mtu. Nikaenda.

Ilikuwa Novemba 1977, vuli ikinyesha kwa kuvizia. Tangu Februari mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, wiki ile ile CCM ilipozaliwa, kiasi kwamba sisi vijana tulizisikia habari mbili hizo kwa mkupuo mmoja na hatukujua tuishangilie ipi na tuihofie ipi. Ndege za pamoja zilikuwa zimeshaacha kuruka. Katikati ya mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikafa, na shirika la reli lililokuwa moja kutoka Kampala hadi Mtwara kwenda na kurudi likawa matatu: la Kenya, la Uganda na letu, TRC, yaani Tanzania Railways Corporation.

Nimesema Mtwara kwa mazoea ya ulimi. Huko reli ilikuwa imeshang'olewa zamani. Tuseme Kigoma.

Kwetu Moshi kifo hicho kilionekana kwanza jikoni. Mjomba alikuwa akipita Kahe, anavuka Taveta, anafika Voi, anarudi na makopo ya Kimbo na mkate mweupe ambao mama aliukata vipande vyembamba kama karatasi ili uvuke hadi Jumapili. Baada ya Februari akawa anaishia Kahe. Kopo la mwisho la Kimbo liliisha mwezi wa nne, mama akalifanya la kuchotea maji, na siku nilipopata kibarua akanikabidhi nikakorogee rangi.

Fundi tuliyepewa alitoka Tanga. Kila mtu alimwita Fundi, nami nikaona utovu wa adabu, nikamwita Mzee Fundi, akacheka. Alikuwa hajafika hamsini. Alikuja na sanduku la mbao lenye stenseli, yaani mabati yaliyotobolewa umbo la herufi na tarakimu, brashi za saizi tano zilizofungwa kwenye kanga kuukuu, na daftari. Kwenye njia za pembeni yalikuwepo mabehewa ya mizigo yaliyokutwa upande wetu siku mpaka ulipofungwa. Ndivyo mali ilivyogawanywa mwanzoni, kabla ya wanasheria: kilichokutwa kwako ni chako. Hesabu rasmi za nani anadai nini zilikuja kumalizwa mwaka 1984, baada ya Mswisi mmoja, Victor Umbricht, kuzunguka miji mikuu mitatu kwa miaka akipatanisha. Kwenye Ziwa Victoria hali ilikuwa hiyo hiyo. Zilikuwepo meli mbili pacha za kubeba mabehewa, moja Uhuru, nyingine Umoja. Kenya walibaki na Uhuru, sisi Mwanza tukabaki na Umoja. Hilo sikulitunga mimi.

Siku ya kwanza Mzee Fundi alinisimamisha mbele ya behewa lililoandikwa EAR, East African Railways, kwa herufi nyeupe zilizochakaa.

"Soma."

Nikasoma.

"Sasa tunataka TRC. Fikiri. E tunaifuta. A tunaifuta. R?"

Nikasema tunaiacha.

"Ukiiacha pale ilipo, T na C utazibana wapi? R tunaisogeza. Lakini ujue, kijana, ni R ile ile. Kenya wataandika yao, ina R. Uganda nao ina R. Hakuna aliyeweza kuitoa."

Alisema maneno hayo kama mtu anayesema bei ya nyanya, kisha akanionyesha namna ya kukwangua.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kwanza unaandika namba ya behewa kwenye daftari. Halafu unakwangua palipovimba kutu, unapiga msasa, unapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, unasubiri ikauke, ndipo stenseli zinafuata. Namba ya behewa ilirudishwa ile ile. Juu ya namba alikuwa mkali kuliko juu ya herufi. Jina, alisema, ni la wakubwa, wakiamka vingine watalibadilisha. Namba ndiyo behewa lenyewe. Bila namba hakuna karani atakayelipangia mzigo, hakuna fundi atakayejua lini breki zake zilikaguliwa, na likipotea halitafutiki.

Ubavu mmoja tuliupaka Alhamisi. Namba ya ubavu wa pili tukaiacha kama shahidi, kwa sababu bamba la chuma lililopaswa kuwa kwenye chasisi lilikuwa limeng'olewa siku nyingi na mtu aliyekuwa na haja na chuma. Nani aliandika namba kwenye daftari siku hiyo? Yeye alidhani mimi, mimi nilidhani yeye. Hayo niliyagundua Ijumaa, Mzee Fundi alipokwenda kuswali akaniacha na agizo moja: nipake ubavu wa pili, namba nisiiguse.

Wingu lilikuwa linashuka kutoka Kibo. Nilitaka rangi iwahi kushika kabla ya mvua, na nilitaka pia, nakiri, akirudi akute behewa zima linang'aa aseme neno zuri. Nilipaka kwa brashi pana, kushoto kwenda kulia, nikiimba. Niliporudi nyuma hatua tatu kuangalia kazi yangu, ubavu wote ulikuwa mwekundu, laini, bila doa. Na bila namba. Nikalifungua daftari nikiwa na uhakika. Ukurasa ulikuwa na namba ya behewa la kabla yake na la kabla ya lile.

Alirudi kofia ikiwa bado kichwani. Aliangalia behewa, akaniangalia mimi, akaangalia daftari nililolishika likiwa wazi kama mtu anayeomba sadaka. Hakufoka. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akasema, "Lete mafuta ya taa na tambara kabla haijashika."

Rangi mbichi ilitoka vizuri mwanzoni. Kisha tambara likaanza kutoka jeupe, halafu la kijivu. Rangi ya zamani ilikuwa imechoka na jua la miaka, ikawa inakuja yenyewe kwa tabaka kama ganda la kitunguu. Mzee Fundi akanisogeza pembeni, akachukua kikwanguo kidogo, akaendelea kwa ncha kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Chini ya nyekundu yangu ikatokea namba ya tarakimu nne, nyeupe, ya stenseli. Nikashusha pumzi. Yeye hakuacha. Chini yake, ikiwa imeteleza kidogo kushoto, ikatokea nyingine ya tarakimu tatu, rangi ya maziwa yaliyokaa, imeandikwa kwa mkono, miguu ya tarakimu ikiwa na vikanyagio kama maandishi ya kitabu cha dini. Juu ya hiyo namba ya pili, T na R.

"Ipi?" nikauliza.

"Ya juu ndiyo yake. Ya chini ni ya utotoni." Akakaa kwenye reli, akafuta mikono. "Hii TR ni Tanganyika Railways, ya Mwingereza. Mwaka 1948 wakaiunganisha na ya Kenya na Uganda, tukaambiwa futeni TR andikeni EAR. Nilikuwa kijana kama wewe, nimeingia juzi. Wazee wakanuna. Walisema sasa mabwana wote wapo Nairobi, karakana kubwa iko Nairobi, sisi tutabaki wa kutumwa. Hawakukosea sana. Mwaka 1969 wakabadilisha tena, bandari zikapewa shirika lake, makao makuu Dar es Salaam, na reli ikawa shirika peke yake. Siku hiyo hatukushika brashi. Behewa lilikuwa EAR, likabaki EAR. Na sasa hivi, haya."

Niliyoyasikia pale nimekuja kuyathamini baadaye. Wakati ule nilikuwa nasikiliza kama mtu aliyesamehewa, yaani nikitikisa kichwa kwa kila neno. Sikumuuliza, kwa mfano, kuhusu njia yenyewe ya Voi, ambayo haikujengwa kwa biashara ya mtu yeyote. Waingereza waliitandika mbiombio mwaka 1915 na 1916 ili kulifikia jeshi la Wajerumani, wakaiunganisha na reli ya Tanga pale Kahe kwa kuwa upana ulikuwa mmoja, mita moja kwa zote mbili. Vita ilipokwisha njia ikabaki, na mizigo ya Moshi iliyokuwa ikishukia Tanga ikagundua kwamba inaweza pia kushukia Mombasa. Watu wa Tanga hawakuwahi kuipenda reli ile. Mzee Fundi alikuwa wa Tanga, na labda ndiyo maana hakuitaja.

Wala sikujua kwamba nitakuja kuishi zaidi ya herufi zake. Mwaka 2007 TRC ikawa TRL, Tanzania Railways Limited, kampuni ya ubia na Wahindi. Ubia ukavunjika, na sheria ya mwaka 2017 ikarudisha TRC. Wakati huo nilishakuwa na duka langu la mabango na sikuitwa kupaka chochote, lakini niliposikia redioni nilijikuta nahesabu kwa vidole: L inatoka, C inarudi, R haiguswi.

Tuseme hayo yaishie hapo, nirudi Ijumaa ile.

Mvua ilikuwa imeanza kutudondokea, matone makubwa yenye nafasi. Mzee Fundi alikuwa amechutama kwenye pembe ya chini ya behewa, mahali ambapo sikuwa nimefika na brashi yangu ya furaha. Palikuwa na maandishi madogo, urefu wa kidole: NRB, na mwezi, na 71. Ni alama ambayo karakana huiweka kwenye behewa linapotoka kwenye matengenezo makubwa. Akaipitishia dole gumba taratibu.

"Huyu namjua."

"Nani?"

"Huyu wa Nairobi. Angalia." Akanivuta bega. "Stenseli huacha mapengo, si unaona B ya stenseli imekatika hapa na hapa? Fundi mvivu huyaacha. Huyu huyaziba kwa brashi, moja moja, hata kwenye herufi ndogo hivi ambayo hakuna mkubwa atakayeinama kuisoma. Na saba yake ina mstari katikati. Miaka mingapi naziona saba zake."

Nikamuuliza walionana wapi.

"Nimwone wapi, na yeye yuko Nairobi mimi niko Tanga? Tunaonana hapa." Akaligonga behewa kwa kifundo cha kidole. "Na yeye ananiona. Zangu huwa naweka nukta baada ya mwaka."

Tulijificha chini ya paa la banda la mizigo hadi mvua ikapita. Alikuwa na chapati mbili ndani ya gazeti, akanipa moja. Hakusema kitu kuhusu daftari, wala siku hiyo wala baadaye, na ninadhani ndiyo sababu sijawahi tena kuanza kupaka kitu kabla ya kuandika.

Jumamosi tuliurudia ubavu wote. Namba ya tarakimu nne niliiandika kwenye daftari mara mbili, halafu kwenye kiganja. Ile ya utotoni akaifunika mwenyewe. Tulipofika pembe ya chini akanizuia mkono. Akachukua brashi nyembamba, akapaka nyekundu kuizunguka ile NRB pande zote nne, akaiacha ndani ya kidirisha cha kijivu cha rangi ya zamani.

Mchana akapita bwana mmoja wa ofisini, koti la mvua mkononi, orodha mkononi. Alihesabu mabehewa, alipofika kwenye letu akasimama.

"Fundi, hapa mmesahau."

"Hatukusahau, ndugu. Tarehe ya matengenezo ya mwisho. Kanuni inataka isomeke hadi behewa lirudi karakana."

Ilikuwa kweli, kanuni ilitaka hivyo. Yule bwana akainama, akasoma, akaandika kitu, akaondoka. Mzee Fundi hakumuuliza litarudi karakana ipi.

Kisha akanipa stenseli ya R na brashi. T alikuwa ameshaiweka yeye. Nilibana bati kwa kiganja cha kushoto, nikagonga rangi kidogo kidogo kama alivyonifundisha ili isivuje chini, nikatoa bati. Ilikaa sawa. Nikachukua brashi ndogo kabisa, nikaziba mapengo bila kuambiwa. Aliangalia, akaguna, akanipa C.

Mabehewa yale yaliondoka Jumanne alfajiri, kuelekea Tanga, mjomba akiwa nyuma kabisa na taa yake. Aliporudi siku mbili baadaye nilimuuliza kama behewa letu lilifika salama. Hakujua ni lipi; kwake yalikuwa mabehewa tu. Lakini akasema walisimama Kahe kupisha treni, akashuka kunyoosha miguu, akaenda hadi kwenye pointi, pale njia ya Voi inapochepuka. Majani yalikuwa yameshafika magotini katikati ya reli. Wenyewe wameifunga pointi kwa mnyororo na kufuli kubwa la shaba.

"Kufuli jipya?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Jipya litoke wapi? La zamani," mjomba akasema. "Limeandikwa EAR."