Kamera haitoi mionzi, mgonjwa ndiye anayetoa

Watu wakiingia chumba cha gama kamera, mashine inayopiga picha kwa kupokea mionzi ya dawa aliyochomwa mgonjwa, kwa mara ya kwanza wanaiogopa ile mashine. Ni kubwa, ina vichwa viwili, inamzunguka mgonjwa taratibu, basi mtu anasimama mbali nayo halafu anaenda kukaa kitako pembeni ya mgonjwa aliyechomwa dawa nusu saa iliyopita, anapiga naye stori. Yaani amekaa pale pale mionzi inapotoka! Kamera yenyewe inapokea tu. Eksirei ukiizima imezimika kama taa, lakini teknishiamu-99m, ile dawa yenye mionzi iliyoko ndani ya mwili wa mtu, huizimi, unasubiri ipungue yenyewe, nusu kila baada ya saa 6, na nyingine inatoka kwa mkojo.

Ukilishika hilo vizuri utaelewa kwa nini nang'ang'ania vifaa vidogo kuliko kamera. Idara ikipata hela kila mtu anataka kamera mpya, na mimi pia naipenda, ila nikiulizwa tuanzie wapi nasema tuanzie kwenye chumba cha kuandalia dawa, kwenye sirinji.

Sirinji ndiyo inayopiga vidole. Chanzo kidogo cha mionzi ukikitoa sentimita 1 ukakipeleka sentimita 10 mionzi inashuka mara 100, sasa fikiria vidole vimeishika sirinji yenyewe, umbali hakuna kabisa, ni plastiki nyembamba tu katikati. Ndo maana kuna ile shildi, yaani ngao, ya metali nzito ya tangsteni inayovalishwa sirinji, ina kadirisha ka kioo chenye risasi (madini ya ledi) ili uone vipimo, na kwa teknishiamu inakata karibu mionzi yote. Najua malalamiko yake, ni nzito, mshipa hauonekani vizuri, inachelewesha. Mkono unazoea jamani. Aliyefanya mazoezi na sirinji ya maji ya chumvi ikiwa ndani ya shildi mpaka akazoea hachelewi tena, na kama mshipa ni mgumu weka kanula, kile kimrija cha mshipani, kwanza kwa utulivu wako, ndipo uilete dawa.

Na ile pete ya kupimia dozi ivae ndani ya glavu, upande wa kipimo ukitazama kiganjani, sio juu kama pete ya harusi. Kikomo cha mikono kwa mfanyakazi ni milisivati 500 (kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mwaka, watu wanaona ni kikubwa wanatulia, lakini pete inakaa kwenye shina la kidole wakati ncha za vidole zinapokea mara kadhaa zaidi ya hicho kinachosomwa. Kwa hiyo pete ikianza kupanda usisubiri ifike huko.

Aproni ya risasi nayo inaaminiwa kupita uwezo wake. Ile ya milimita 0.5 kwa teknishiamu, yenye nishati ya keV 140 (keV ni kipimo cha nguvu ya mionzi), inapunguza zaidi ya nusu, sawa, inasaidia. Ila kwenye PET, aina nyingine ya picha inayotumia dawa zenye mionzi yenye nguvu zaidi, mionzi ni ya keV 511, kuipunguza nusu tu unahitaji risasi ya karibu milimita 4, kwa hiyo aproni hapo inakuchosha na kukufanya uwe mzito wa kutembea, na ukiwa mzito unakaa na mgonjwa muda mrefu zaidi. Mweleze mgonjwa kila kitu kabla ya kumchoma, majibu ya maswali yake yote mpe kabla, halafu ukishamchoma ondoka.

Kwenye mita za kupimia, kaunta ya Geiger ni nzuri sana kwa kutafuta tone lililomwagika mezani au kwenye kiatu, lakini ukiipeleka penye mionzi mikali sana baadhi yake zinazidiwa, zinasoma chini au hata sifuri, na sifuri hiyo ni hatari kuliko namba kubwa. Penye mionzi mikali tumia mita ya aina nyingine, chemba ya ayoni.

Kuna kifaa kimoja ambacho kikikosea hakuna anayejua, nacho ni dozi kalibreta, ile chemba tunayotumbukiza sirinji kupima kiasi cha dawa yenye mionzi kabla ya kumchoma mtu. Ikisoma vibaya kila mgonjwa siku hiyo anapata dozi isiyo sahihi na picha bado inatoka, inapendeza tu. Kila asubuhi iwekee chanzo cha mionzi cha sesiamu-137, nusu maisha yake (muda wa mionzi kupungua nusu) ni miaka 30 hivi, kwa hiyo namba ya leo na ya wiki iliyopita zinatakiwa zifanane. Dakika chache tu. Tafadhali usiiruke hata kama foleni imejaa.

Kamera sitaisema sana. Kumbuka tu kwamba kolimeta, lile bamba la risasi lenye matundu, linatupa karibu kila kitu, katika mionzi gama 10,000 inayotoka kwa mgonjwa inapita mmoja au michache tu, na hiyo michache ndiyo picha yako. Ukiweka kolimeta ya teknishiamu halafu ukapiga picha ya ayodini-131, dawa nyingine yenye mionzi mikali zaidi, mionzi ya keV 364 inatoboa kuta zake nyembamba na picha inaharibika, na mgonjwa ameshapokea dozi yake tayari. Kristali ya sodiamu ayodaidi nyuma ya kolimeta, inayopokea mionzi, inaogopa joto linalobadilika ghafla, inapasuka, kwa hiyo kiyoyozi kisizimwe usiku.

Mwisho wa siku sirinji na pamba zinaingia kwenye pipa la risasi, zinaandikwa tarehe na jina la dawa, zinakaa nusu maisha 10, kwa teknishiamu ni saa 60, halafu zinapimwa tena kwa mita ndipo zitoke. Stika ya mionzi ing'olewe kabla ya mfuko kutoka, maana anayebeba taka akizoea kuziona kwenye mifuko isiyo na kitu, siku mfuko wenye mionzi kweli utakapopita mikononi mwake hatashtuka.