Chama cha Chirac kilivyoporomoka

Usiku wa Aprili 10, 2022 nilikuwa nafuatilia matokeo ya urais wa Ufaransa kwenye simu. Ilipotajwa kura ya Valérie Pécresse nilishtuka: asilimia 4.78! Mgombea wa Les Républicains, chama cha mrengo wa kulia, warithi wa marais wa zamani Chirac na Sarkozy.

Kesho yake akaomba wananchi wamchangie. Kule ukikosa asilimia 5, serikali hairudishi sehemu kubwa ya gharama za kampeni, na yeye mwenyewe alikuwa amejifunga na deni la euro milioni 5. Iliniuma, japo mimi si Mfaransa.

Tangu hapo nimekisoma sana chama hiki. Kilizaliwa 2002 kwa jina la UMP, kikawakusanya wafuasi wa siasa za Jenerali de Gaulle, rais wa zamani, waliberali na wengi wa mrengo wa kati chini ya Chirac. 2007 kikampeleka Sarkozy Ikulu. Jina la sasa ni la 2015.

Kwa maoni yangu ufa ulianza Novemba 2012, vigogo wawili wa chama, Copé na Fillon, walipogombea uongozi na kila mmoja akajitangaza mshindi. Macron alipokuja 2017 aliikuta nyumba ina nyufa, akawachukua wa katikati. Juni 2024 mwenyekiti wao, Éric Ciotti, akatangaza kuungana na chama cha Marine Le Pen cha mrengo mkali wa kulia, wenzake wakapiga kura kumfukuza, mahakama ikasimamisha uamuzi huo. Baadaye akaondoka mwenyewe na chama chake kipya.

Wanaofuatilia siasa za Ufaransa, nyie mnaona kitainuka tena?