Kusi haiijui dawa yangu ya moyo

Kusi ya mwaka jana ndo ilinitia kwenye ujinga huu. Bahari chafu, wageni hakuna, boti yangu imefungwa hapo gatini Amu kutwa kucha, na mimi natakiwa nimeze kavediloli ya miligramu 6.25 asubuhi na jioni, kusi iwe kaskazi iwe. Basi nikajifanya daktari. Kwanza cha jioni nikawa nakiruka, alafu nikaona mbona niko sawa tu, nikakaa siku nne kavu bila kitu.

Ya tano natoka msikitini, moyo ukanienda mbio mpaka nausikia masikioni, nikajitupa kwenye baraza ya watu jasho lanitoka kama nimebeba mawe, bibi wa ile nyumba akaniletea maji ananiuliza mwanangu una nini, na jibu sina.

Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akanambia dawa hizi za aina ya kavediloli, beta-bloka waziita, kazi yake ni kuuziba moyo usisikie makelele ya adrenalini, sasa moyo ukizibwa siku nyingi unajiongezea masikio, ukiitoa dawa ghafla yale makelele yote yauingia kwa mpigo. Hata mtu akitakiwa kuacha hupunguziwa pole pole, na anayepunguza ni daktari, si mfuko wako. "Si ungenambia huna pesa?" Wallahi niliona haya. Akaniandikia jina la dawa yenyewe badala ya lile la kampuni, kumbe miezi yote hiyo nalipia boksi zuri! Dawa ile ile, miligramu zile zile, na chenji iliyobaki yanitosha nauli ya boti Mokowe kwenda na kurudi. Kukiwa kubaya zaidi nanunua vidonge kumi kumi, ila siachi viishe ndo nitafute.

Nakunywa na chakula, bila chakula nikisimama kichwa chazunguka. Ramadhani nilimuuliza kabla, akaniwekea futari na daku.

Na tusigawiane jamani, jirani yangu ana pumu, alikuja kuniomba kimoja eti moyo wamdunda, nikamnyima akanuna wiki nzima, lakini dawa hii yaweza kumbana kifua vibaya.

Juzi kemisti kanipa boksi rangi nyingine kabisa. Nikasimama pale nasoma herufi moja moja, jina, namba, foleni nyuma yangu yanung'unika, na miwani nimeiacha nyumbani.