Kununua nyumba katikati ya Oslo: soma jengo kabla hujaipenda sebule

Kila tukikutana na Watanzania na Wakenya wenzetu hapa Oslo, swali ni lile lile: kwa nini mlinunua chumba kimoja na sebule pale Grünerløkka, wakati kwa hela hiyo hiyo mngepata vyumba vitatu na bustani nje ya mji? Swali ni la haki. Mtaani kwetu mita moja ya mraba huuzwa kwa zaidi ya kroner 100,000, na ukipanda treni ukatoka nje ya mji bei inashuka sana. Shemeji yangu alinipigia simu akaniambia, "Shem, mamilioni yote hayo mkakae juu ya baa?"

Hatukai juu ya baa, na wala haikuwa bahati. Ila nianze na sababu, maana bila sababu hesabu zinazofuata hazina kichwa wala miguu.

Mwezi Desemba hapa jua linachomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama muda mfupi tu baada ya saa tisa alasiri. Anayefanya kazi za zamu kama mimi anaweza kumaliza wiki nzima hajaliona. Miaka ya mwanzo tulipanga pembezoni mwa jiji, mahali pasafi, pazuri, pa kimya, na kimya hicho ndicho kilichonielemea. Unashushwa na basi kituoni gizani, unatembea hadi mlangoni kwako bila kukutana na mtu. Hapa nikishuka kwenye tramu barabara ya Thorvald Meyers gate nakuta madirisha yanawaka, wazazi wanasukuma vigari vya watoto, watu wamekaa nje ya mkahawa wamejifunika mablanketi hata theluji ikiwepo. Jumapili kuna soko la vitu vya mitumba kwenye bustani ya Birkelunden. Nikiteremka kwa miguu kuelekea kusini nafika mtaa wa Grønland, ambako napata ndizi mbichi, bamia na muhogo, na nasikia watu wakisalimiana kwa sauti. Kwangu mimi hayo yana thamani kuliko chumba cha tatu. Nimeona ndugu zetu wakinunua nyumba kubwa mbali, wakafungia humo hela zao zote, kisha wakaishi ndani yake na upweke. Nawaombea heri, lakini nisingechagua hivyo.

Sasa kelele. Majengo mengi ya Grünerløkka ni ya matofali, ya mwishoni mwa karne ya 19, enzi za viwanda vya kando ya mto Akerselva na wafanyakazi wake. Yamepangwa kuzunguka ua wa ndani, kwa hiyo jengo moja lina nyumba za aina mbili: zinazotazama barabara na zinazotazama uani. Dalali atakuonyesha nyumba mchana, madirisha yamefungwa na taa zimewashwa zote. Sheria ya Norway inaruhusu pombe kuuzwa mabaa hadi saa tisa usiku, na tramu za alfajiri hazichelewi kuanza. Kwa hiyo rudi mwenyewe Ijumaa usiku. Mimi na mume wangu tulifanya hivyo. Barabarani vijana walikuwa wanaimba, chupa zinagongana. Mkazi mmoja aliyekuwa anarudi na mbwa wake akaturuhusu kuingia uani, tukasimama kati ya baiskeli na mapipa ya taka. Juu dirisha moja lilikuwa wazi na mtu anaosha vyombo, sahani moja baada ya nyingine, na tulizisikia zote. Mlio wa barabara ulikuwa umebaki nyuma ya ukuta. Chumba cha kulala cha nyumba tuliyoitaka kilitazama upande huo. Mume wangu alinigusa mkono tu, hakusema kitu.

Kelele ya pili haitoki nje, inatoka juu. Katika majengo haya ya zamani sakafu kati ya ghorofa na ghorofa imebebwa na maboriti ya mbao, na nyayo za jirani hupita bila hodi. Siku ya kuangalia nyumba, nyamaza dakika kadhaa katikati ya sebule usikilize. Ghorofa ya mwisho juu ina nafuu hiyo, ila uliza kama kuna lifti, maana mengi hayana, na ngazi ghorofa ya nne ukiwa na mtoto na mifuko ya sokoni si mchezo.

Watu wengi huishia hapo: wamependa dari iliyo juu, wamependa mtaa, wanapiga simu benki. Mimi nasema sebule iache kwanza. Katikati ya jiji hununui vyumba peke yake, unanunua sehemu ya jengo na mambo yake yote: paa, mabomba, ngazi, madeni. Aina zilizo nyingi ni mbili. Ya kwanza, selveier, unamiliki nyumba yako moja kwa moja na unalipia serikali asilimia 2.5 ya bei wakati wa kusajili umiliki. Kwa nyumba ya milioni 5 hiyo ni kroner 125,000, na inatoka mfukoni mwako juu ya kianzio, yaani sehemu ya bei ambayo benki haikukopeshi. Ya pili, borettslag, ni ushirika: unanunua hisa inayokupa haki ya kuishi katika nyumba fulani, na ada hiyo hulipi. Yetu ni ya ushirika.

Uzuri wa ushirika usikupumbaze. Ushirika una deni lake, na kila nyumba ina fungu lake la deni hilo. Ukiona tangazo lenye bei ya chini kuliko za jirani, shusha macho utafute fellesgjeld, yaani deni la pamoja. Nyumba ya milioni 3 yenye deni la pamoja la milioni 2 ni nyumba ya milioni 5, na benki italihesabu deni hilo kama lako. Mbaya zaidi ni pale ushirika unapolipa riba tupu kwa miaka ya mwanzo: mchango wako wa mwezi kwa ushirika unaonekana mdogo, kisha siku ya kuanza kulipa deni lenyewe ikifika, mchango unaruka. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye kabrasha la mauzo. Itafute kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu omba kumbukumbu za mikutano mikuu ya mwaka ya miaka ya karibuni. Ni kurasa zinazochosha, lakini ndizo zinazosema ukweli. Humo utaona kama paa limeshabadilishwa, kama mabomba ya maji machafu yamefika mwisho, kama wakazi wanagombana na mkahawa wa chini kuhusu moshi wa jikoni. Nyumba moja tuliyoipenda sana tuliiacha kwa sababu hiyo: mkutano ulikuwa umeshapitisha kubadilisha mabomba yote, maana yake kila bafu livunjwe na deni la pamoja liongezeke. Bafu la nyumba ile lilikuwa jipya kabisa, vigae vinang'aa.

Kuhusu hali ya nyumba yenyewe, tangu Januari 2022 sheria imewabana wauzaji: mtu binafsi hawezi tena kukuuzia kwa kauli ya "chukua kama ilivyo". Matokeo yake karibu kila nyumba huja na ripoti ya mkaguzi, yenye alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kila sehemu. Alama 3 ni tatizo kubwa. Alama 2 ndiyo ya kuisoma kwa utulivu, hasa bafuni, maana utando wa kuzuia maji chini ya vigae huzeeka bila kuonekana. Na kumbuka, kilichoandikwa wazi kwenye ripoti huwezi kukilalamikia baadaye. Unahesabiwa kuwa ulikijua. Hata kasoro ambayo haikuandikwa, kroner 10,000 za kwanza unabeba wewe.

Benki ni hesabu fupi. Tangu mwisho wa 2024 kianzio kimeshuka kutoka asilimia 15 hadi 10. Madeni yako yote hayaruhusiwi kuzidi mara 5 ya mapato ya mwaka kabla ya kodi, na benki inapima kama utamudu riba ikipanda kwa pointi 3, au angalau ikifika asilimia 7. Kwa hiyo nyumba ya milioni 5 inataka 500,000 mkononi na mapato ya 900,000 kwa mwaka, ya mtu mmoja au ya wawili, bila deni jingine. Mkopo wa gari unahesabiwa. Mkopo wa masomo unahesabiwa. Wadogo zangu mliokuja hapa vijana, fungueni leo akaunti ya BSU, ile ya akiba ya nyumba kwa vijana: mnaruhusiwa kuweka hadi 27,500 kwa mwaka mpaka mwaka mnaotimiza miaka 33, na asilimia 10 ya mlichoweka inapunguzwa kwenye kodi. Sijaona njia nyingine ya halali inayomsaidia kijana namna hiyo.

Kisha dau, maana nyumba hapa huuzwa kwa wanunuzi kushindana bei. Kwa kawaida hupigwa siku ya kazi inayofuata baada ya watu kuangalia nyumba, na dalali haruhusiwi kumfikishia muuzaji dau ambalo muda wake wa kujibiwa unaisha kabla ya saa sita mchana siku hiyo. Baada ya hapo mambo huenda mbio kwa simu, watu wanaongeza kila baada ya dakika chache. Dau lako likikubaliwa umenunua. Hakuna siku za kughairi. Tuliandika kikomo chetu kwenye karatasi usiku uliotangulia, tukaibandika kwenye friji, na kwa kuwa siku hiyo tulikuwa kazini, tukawa na picha yake kwenye simu. Dalali, ingawa analipwa na muuzaji, sheria inamtaka aangalie maslahi ya pande zote mbili, kwa hiyo muulize kila kitu, tena kwa maandishi.

Na kuna jambo lililotuumiza. Katika baadhi ya vyama vya ushirika wa nyumba wanachama wana haki ya kununua kwanza. Unashinda dau, kisha mwanachama aliyekaa kwenye foleni miaka mingi anakuja na kuichukua nyumba kwa bei ile ile uliyoifikisha wewe. Ilitupata, na nililia. OBOS, chama cha ushirika wa nyumba kilichoanzishwa 1929, ndicho kikubwa kuliko vyote, na foleni yake inahesabiwa tangu siku uliyojiunga. Basi jiunge hata kama utanunua miaka kumi ijayo, na waandikishe watoto.

La mwisho ni kwa wenye nia ya kurudi nyumbani na kuipangisha nyumba. Kwenye ushirika ni lazima uwe umeishi humo mwaka 1 katika miaka 2 ya karibuni ndipo uruhusiwe kupangisha nyumba nzima hadi miaka 3, tena kwa idhini ya bodi. Wageni wa muda mfupi mwisho ni siku 30 kwa mwaka. Selveier ina uhuru zaidi, na hapo ile asilimia 2.5 inaweza kuwa na faida kwako. Muamue hilo nyumbani, mume na mke, kabla hata hamjakwenda kuangalia nyumba ya kwanza.