Mfuko wa Barbara Castle

9 Oktoba, usiku

Tarehe kama ya leo mwaka 1967, polisi wa Uingereza walianza kuwapulizisha madereva kwenye kifaa cha kupima pombe. Mawazo yangu yameshinda kwa Barbara Castle, waziri wa uchukuzi wa chama cha Labour aliyeisimamia sheria ile, naye mwenyewe hakujua kuendesha gari.

Kabla yake, mahakama ilitaka uthibitisho kwamba pombe imemshinda dereva. Daktari alimtembeza kwenye mstari. Akinyoosha vizuri, kesi imelegea. Castle akaleta kipimo: miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Ukizidi hapo una hatia, hata kama hupepesuki.

Kifaa chenyewe, babu wa alcoblow, kipima ulevi cha polisi wa Nairobi, kilikuwa kibomba cha kioo chenye chembechembe za manjano, na mfuko mwishoni. Unapuliza mpaka mfuko ujae. Pombe huzigeuza chembe kuwa kijani. Kijani kikivuka alama, unapelekwa kituoni kutoa damu au mkojo. Hapo ndipo ushahidi ulipo. Mfuko ulikuwa wa kushuku tu.

Muswada wake wa mwanzo, wa 1966, ulimruhusu polisi kumpima dereva yeyote. Ulipigiwa kelele, kipengele hicho kikaondolewa, na naona hapo ndipo sheria ilipopungukiwa meno. Sasa polisi alihitaji sababu: ajali, kosa la barabarani, au dalili za ulevi. Mawakili wakajifunza kuvizia hatua iliyorukwa na polisi, na wateja wao wakaachiwa. Mwaka wa kwanza vifo vya barabarani vilipungua kwa zaidi ya 1,000. Kisha madereva wakagundua kwamba kukamatwa ni nadra, wengi wakarudia mtindo wao.

Ninachompendea Castle ni kwamba neno la mkubwa peke yake halikumtosha. Alikuwa mbunge wa Blackburn tangu 1945, na mwaka 1955 alisafiri mwenyewe hadi Kenya kuchunguza ukatili wa polisi wakati wa hali ya hatari, ile ya vita vya Mau Mau. Machi 1959, wazuiliwa 11 walipokufa kambini Hola, serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Castle alikuwa miongoni mwa wabunge walioibana serikali bungeni London. Uchunguzi wa vifo ulipofanyika, miili ilikuwa na majeraha ya kipigo.