Ninavyoizunguka Tanga: Amani kwanza, bahari baadaye

Safari ya Tanga mimi huianzia milimani, kwa sababu Amani, hifadhi ya msitu katika milima ya Usambara Mashariki, ndiko kunakovuruga ratiba. Barabara ya kupanda kutoka Muheza ni ya udongo, na masika ya Machi hadi Mei huifanya utelezi mtupu. Nachagua Januari, Februari, au Julai hadi Septemba.

Magari ya abiria hupanda kutoka Muheza mchana na kushuka alfajiri, hivyo asiye na usafiri wake hulala huko huko. Na alale! Ndege wa msituni huonekana asubuhi, na kinyonga ni rahisi kumwona usiku kwa tochi, maana akilala rangi yake hupauka. Amani iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta. Soksi ndefu zivutwe juu ya suruali, siafu hawana simile. Weka pesa kwenye simu kabla ya kuondoka Muheza, usitegemee mtandao bondeni.

Mwongozaji wa kijijini ni wa lazima kwangu. Bila yeye utapita iliki na mdalasini mashambani usijue. Saintpaulia, ua la Usambara lililoishia madirishani Ulaya, huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Anayetazama juu tu hulikosa. Mwombe pia akutenganishie miti ya asili na ile iliyopandwa na Wajerumani kuanzia 1902. Mingine ya kuletwa imejisambaza hadi ndani ya msitu, na mgeni huisifia yote sawasawa.

Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kutoka mjini, njia ya Horohoro. Patana na bodaboda nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi. Vaa tochi ya kichwani ili mikono ibaki huru, kwani kuna pa kuinama na pa kukwea.

Kuogelea Raskazone, ufukweni mwa mji wa Tanga, kunategemea mwezi. Siku za bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Basi asubuhi nenda magofu ya Tongoni, barabara ya Pangani, uoge alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mpango hugeuka. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo waulize wavuvi wa Deep Sea, diko la mjini Tanga, jioni ya kuamkia siku hiyo.