Harufu ya Mvua ya Kwanza

Katika raha zote zisizohitaji fedha wala maandalizi, ninayoipenda kuliko nyingine ni harufu ya udongo mkavu unapopigwa na mvua ya kwanza. Harufu hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria waishio udongoni; matone yanapoangukia ardhi yenye vitundu hunasa vipovu vya hewa ambavyo hupanda, hupasuka na kurusha chembechembe zenye harufu hewani, ndiyo maana manyunyu huiamsha vizuri kuliko mvua kubwa. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno, na kwangu mimi hilo ni jambo la kushukuru kweli. Kujua sababu yake hakukunipunguzia furaha, bali kumeniongezea.

Ninaposafiri, hufungua dirisha la basi mara mawingu yanapotanda. Jioni nayo ina utajiri wake: mwanga wa jua lililoinama hupita katika hewa nyingi zaidi, rangi ya buluu ikatawanyika njiani, na wekundu ukatufikia. Namhurumia anayesubiri likizo ndipo atazame, kwa kuwa anga hilohilo huonekana pia kutoka kituo cha basi.